Shaba Nyeusi: Metali, Sauti, Sanaa na Rangi katika Mombasa Bara

Shaba nyeusi, au bronzi, ni aloi ya shaba nyekundu na bati. Kwa kawaida shaba huwa karibu asilimia 88 na bati asilimia 12. Jamaa yake wa karibu ni shaba ya manjano, iliyochanganywa na zinki. Bati huifanya shaba iwe ngumu zaidi, iyeyuke kwa joto dogo kuliko nyuzi 1085 zinazohitajika kuyeyusha shaba tupu, na ijaze vizuri kila pembe ya kalibu. Asia Magharibi iliisubu zaidi ya miaka 5000 iliyopita. Sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilitoka kwenye zana za mawe ikaingia kwenye chuma, kwa hiyo hapa shaba nyeusi ilijulikana zaidi kwa biashara na sanaa.

Kazi za baharini

Pwani ndiyo inayoonyesha thamani yake. Kutu ya chuma hubanduka na kuacha chuma kipya kiliwe tena. Shaba nyeusi hujifunika utando mwembamba ulioshikamana nayo, unaopunguza kasi ya kuliwa. Ndiyo sababu rafadha za meli nyingi zinazopita mkondo wa Likoni kuingia Kilindini husubiwa kwa aloi ya aina hii, ingawa mara nyingi alumini na nikeli hushika nafasi ya bati. Bushi, vali na sehemu za pampu hutengenezwa nayo pia, kwa kuwa husuguana na chuma bila kukwama upesi.

Sauti

Bati likiongezwa hadi asilimia 20 au zaidi, aloi huwa ngumu, hupasuka kwa urahisi, lakini hulia kwa sauti safi inayodumu. Hiyo ndiyo aloi ya jadi ya kengele. Kisauni ina mtaa uliopata jina lake kutokana na kengele: Kengeleni, penye mnara wa kengele ya Freretown, makazi ya watumwa walioachwa huru yaliyoanzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society katika miaka ya 1870. Mlio wake uliwaonya wakazi wanaponyemelewa na wateka watumwa. Ni ukumbusho wa uhuru unaostahili kufundishwa kwa kila mtoto wa Kisauni.

Sanaa

Njia kongwe ya kusubu sanamu ni ya nta: fundi huchonga umbo kwa nta, hulifunika kwa udongo, huchoma mpaka nta itiririke nje, kisha humimina metali katika uwazi uliobaki. Huko Shanga, kisiwani Pate, uchimbuaji wa mwanaakiolojia Mark Horton katika miaka ya 1980 ulifukua simba mdogo wa shaba nyeusi wa takriban mwaka 1100. Siwa ya Lamu, yaani baragumu kubwa, nayo ni kazi bora ya kusubu shaba.

Ukitoka Changamwe kupitia Makupa na kuingia kisiwani, barabara ya Jomo Kenyatta ina Mnara wa Askari, sanamu za shaba nyeusi za enzi ya ukoloni zinazowakumbuka wanajeshi na wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Upande wa Kisauni, karakana za Bombolulu, zilizoanzishwa mwaka 1969 kwa ajili ya mafundi wenye ulemavu, zimejijengea jina kwa mapambo ya shaba nyekundu na ya manjano.

Rangi na heshima

Ikiwa mpya, shaba nyeusi huwa ya hudhurungi yenye mng'ao wa dhahabu. Ikikaa hewani hukoza, na mwishowe hupata utando wa kijani. Rangi ile ya hudhurungi ndiyo ya medali ya nafasi ya tatu. Medali ya kwanza ya Kenya katika Olimpiki ilikuwa ya shaba: Wilson Kiprugut aliipata Tokyo mwaka 1964, katika mbio za mita 800. Hata senti nyingi zenye tundu za Afrika Mashariki ya kikoloni zilikuwa za shaba nyeusi.

Utunzaji

Hata shaba nyeusi huweza kutobolewa polepole na chumvi ya bahari, kwa hiyo sanamu za nje huoshwa kwa maji yasiyo na chumvi na kupakwa nta. Hatari kubwa zaidi ni wizi, kwa sababu shaba nyeusi huyeyushwa upya bila kupoteza ubora. Januari 2022 serikali ya Kenya ilisimamisha kwa muda biashara ya vyuma chakavu kwa sababu ya uharibifu wa miundombinu. Rafadha iliyochakaa inafaa kuyeyushwa ili isubiwe bushi mpya. Kengele au sanamu ikiyeyushwa, historia iliyobeba haisubiwi tena.