Msumari wa Bati Ugogoni

Tembe, nyumba ya jadi ya Wagogo wa Dodoma, lilisimama bila msumari. Nguzo za miti migumu zilibeba boriti, boriti zikabeba fito zilizofungwa kwa kamba za magome, na juu yake ukatandazwa udongo mzito. Paa hilo bapa lilitulia kwa uzito wake, na upepo wa kiangazi haukuling'oa.

Reli ya kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Dodoma 1910, ikafungua njia ya kupitisha vifaa vya ujenzi vya viwandani, mabati yakiwemo. Bati ni jepesi, kwa hiyo sasa paa lilitaka kushikiliwa kwa misumari lisiruke. Mabati yalizidi kuenea baada ya Operesheni Dodoma ya 1971, iliyowahamishia watu katika vijiji vya ujamaa, na uamuzi wa 1973 wa kuhamishia mjini humo makao makuu ya serikali.

Bati la kawaida ni chuma kilichopakwa zinki. Metali mbili tofauti zikigusana penye maji, moja huliwa na kuikinga nyingine. Kati ya zinki na chuma, inayoliwa ni zinki; ndiyo maana mkwaruzo mdogo wa bati haushiki kutu upesi. Lakini fundi akipigilia msumari wa chuma wa kupigilia mbao, usiopakwa kitu, zinki iliyozunguka tundu hujimaliza kuukinga msumari. Ikiisha, hutokea duara la kutu, tundu hupanuka na paa huvuja hapohapo. Msumari wa bati, wenye kofia pana, hupakwa zinki kwa sababu hiyo.

Shaba ni hatari zaidi. Jeshi la majini la Uingereza lilijifunza hilo miaka ya 1760, meli HMS Alarm ilipovikwa shaba na misumari yake ya chuma ikaoza: msumari mdogo wa chuma uliliwa ili kulikinga bamba zima la shaba. Juu ya paa la bati, hata maji yanayodondoka kutoka bomba la shaba huila zinki.

Ukame wa Dodoma, wenye mvua chache kati ya Desemba na Aprili, huchelewesha uharibifu huu, tofauti na hewa ya chumvi ya bahari huko Tanga au Unguja. Kwa hiyo kosa la fundi hujificha miaka mingi, naye keshalipwa zamani.

Siku hizi mabati mengi hupakwa mchanganyiko wa alumini na zinki. Haya hayapatani na shaba wala washa za risasi za mtindo wa zamani. Hufungwa kwa skrubu zilizopakwa kinga ya kutu, zenye washa ya mpira. Anayeezeka azikague skrubu kabla hazijapanda juu ya paa.