Fahamu umeme wa gesi ya kuni, na kwa nini Simiyu ina malighafi yake shambani

Msimu wa pamba ukiisha, wakulima wa Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega hutakiwa kung'oa masalia na kuyachoma ili wadudu wasivuke kwenda msimu ujao. Moto unawaka siku mbili tatu, joto lote linapotea hewani.

Ipo njia nyingine ya kuyachoma: ndani ya mtambo wa gesi ya kuni, na jenereta ikazunguka.

Inafanyaje kazi?

Kuni kavu zilizokatwakatwa huwekwa kwenye pipa la chuma lililofungwa, kisha hupewa hewa kidogo, isiyotosha kuziteketeza. Joto likikaribia nyuzi 1,000, kinachotoka ni gesi yenye haidrojeni na kaboni monoksaidi. Hupozwa, huchujwa, halafu huingia kwenye injini. Injini ya petroli inaweza kuitumia peke yake. Ya dizeli bado inataka dizeli kidogo ya kuwashia.

Kilo moja hadi moja na nusu ya kuni kavu hutoa takriban uniti moja ya umeme. Joto la injini nalo halitupwi, linakausha kuni za kesho au kuchemsha maji.

Si kitu kipya. Vita vya Pili vya Dunia vilipoikosesha Ulaya petroli, mamia ya maelfu ya magari yalitembea kwa gesi hii. Jirani hapo Uganda, shamba la chai la Muzizi lilifunga mtambo wa kilowati 250 miaka ya 2000.

Shida iko wapi?

Kwanza lami. Kuni zikiwa na unyevu unaozidi asilimia 20, gesi hutoka na lami inayoziba vichujio na kuua injini. Bila fundi wa kusafisha kila mara, mtambo unageuka chuma chakavu.

Pili, masalia ya pamba ni mepesi na yanajaza trekta bila uzito wa maana. Na ukiyarundika mazima nyumbani, umewahifadhi wadudu wale wale. Yaani lazima yakatwe au yashindiliwe kuwa vitofali mapema. Kazi hiyo inakifaa zaidi kiwanda cha kuchambua pamba kuliko kaya moja.

Tatu, kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, na inaua. Mtambo haufungwi ndani ya chumba.

Vipi kuhusu miti?

Hapa ndipo penye mtihani. Mtambo wa kilowati 10 ukiwaka saa 6 kwa siku hula kilo 60 hadi 90 za kuni. Usukuma ulishafyekwa miti mpaka mradi wa HASHI ukaanza mwaka 1986, enzi Bariadi ikiwa bado mkoa wa Shinyanga, kurudisha ngitili. Masalia yakikosekana, ngitili ndiyo kuni za karibu.

Na masalia yenyewe yana wateja tayari: kuna kaya zinazoyapikia.