Historia ya kope ndefu: kutoka kijiti cha wanja hadi gundi ya saluni

Najua nimepotea, msinilaumu. Wiki mbili zilizopita zilikuwa za test mfululizo, na mwanafunzi wa Ualimu akipewa test ya Historia na ya Saikolojia ya Elimu siku moja, hata jina lake anaweza kulisahau. Sasa nimepumua, nimerudi.

Leo sileti siasa za kampasi wala malalamiko ya foleni ya wali maharage. Leo tuongelee kope. Ndiyo, kope za macho! Boom limetoka, mahafali ya kaka na dada zetu wa mwaka wa mwisho yanakaribia, kwa hiyo saluni za nje ya geti zimejaa kuliko maktaba. Huyu anabandika, yule anapaka maskara, mwingine kaambiwa kuna dawa ya kuotesha. Nikajiuliza swali la mtu wa historia: hivi nani alianza? Nikachimba. Niliyoyakuta yalinichekesha kwanza, halafu yakaninyamazisha.

Tuanze na kope yenyewe. Kope za juu kwa kawaida zina urefu wa milimita 8 hadi 12 hivi. Mwaka 2015 watafiti wa Georgia Tech, Marekani, walitoa matokeo baada ya kupima kope za aina 22 za wanyama na kutengeneza jicho la mfano wakalipulizia upepo. Wakakuta kwamba kope zenye urefu wa karibu theluthi moja ya upana wa jicho ndizo zinazokinga vumbi na ukavu vizuri zaidi. Zikizidi hapo, zinaanza kuuelekeza upepo ndani ya jicho badala ya kuukinga. Kwa hiyo ukiona dada kabandika kope kama ufagio wa chelewa halafu macho yanamkauka kwenye daladala, sababu ndiyo hiyo. Teh teh!

Sasa turudi nyuma. Wamisri wa kale, wanaume kwa wanawake, walipaka wanja. Mweusi ulitokana na galena, madini yenye risasi (ile metali, siyo ya bunduki), na wa kijani ulitokana na malakiti, madini yenye shaba. Walisaga, wakachanganya na mafuta, wakapaka kwa kijiti. Mwaka 2010 wanasayansi wa Ufaransa walichapisha utafiti uliotokana na vipodozi vya Misri vilivyohifadhiwa kwenye jumba la makumbusho la Louvre. Walikuta humo chumvi za risasi ambazo Wamisri walizitengeneza wenyewe kwa makusudi, na kwamba kwa kiasi kidogo sana chumvi hizo huweza kuamsha kinga ya mwili. Msije mkasema nimewaruhusu kupaka risasi. Risasi ni sumu, hasa kwa watoto, na hilo halina mjadala. Ninachosema ni kwamba tangu mwanzo urembo na dawa vilikaa kwenye kichupa kimoja, na hilo mlikumbuke tukifika mbele.

Warumi nao hawakuwa nyuma. Plinio Mkubwa, aliyekufa mwaka 79 wakati mlima Vesuvius ulipolipuka, aliandika kwamba wanawake wa wakati wake walizipaka kope zao rangi kila siku. Halafu akaongeza maneno aliyoyasikia: kwamba watu wanaozidisha mambo ya chumbani huanguka kope! Hebu fikirieni binti wa Roma mwenye kope chache alivyotazamwa sokoni. Kope ndefu zikawa ushahidi wa tabia njema. Wadau, mwili wa mwanamke kusomwa kama cheti cha tabia hakukuanza kwenye mitandao.

Huku kwetu pwani tunao wanja wa manga. Hilo neno "manga" ni jina la zamani la Uarabuni, kwa hiyo wanja huo umebeba safari yake kwenye jina lake. Ulikuja na biashara ya majahazi, sawa na halua manga na mkomamanga. Bibi zetu waliupaka kwenye ukingo wa jicho, na kope zikaonekana nyeusi na nyingi bila kuongezwa hata moja.

Karne ya 19 biashara ikachangamka Ulaya. Mfaransa mmoja muuza manukato jijini London, Eugène Rimmel, akapata umaarufu kwa vipodozi vyake, mpaka leo Wareno wakisema "rímel" na Waturuki wakisema "rimel" wanamaanisha maskara. Yaani jina la mtu limegeuka jina la kitu, kama sisi tunavyoita kila dawa ya meno Colgate. Lakini kupaka hakukutosha, watu wakataka nywele zenyewe. Mwaka 1902 Karl Nessler, Mjerumani msusi aliyekuja kujulikana baadaye kwa kukunja nywele kwa moto, alipata hataza Uingereza ya kutengeneza nyusi na kope bandia. Mwaka 1911 Anna Taylor, mzaliwa wa Kanada, akapata ya kwake Marekani: kope zilizopangwa kwenye kipande chembamba kilichopinda kama mwezi mchanga, kisha unabandika kwa gundi. Ukiangalia pakiti iliyoko kwenye droo yako sasa hivi, wazo ni lile lile, zaidi ya miaka 100 baadaye.

Mwaka 1915 mambo yakahamia Chicago. Kijana Thomas Lyle Williams alimwona dada yake Mabel akichanganya Vaseline na vumbi jeusi la makaa na kujipaka kwenye nyusi na kope. Ndivyo familia yao ilivyosimulia. Akatengeneza bidhaa akaiuza kwa posta. Jina Maybelline limetoka hapo: Mabel na Vaseline. Mwaka 1917 wakatoa maskara ya kipande kikavu, unalowesha kiburashi, unasugua, unapaka.

Mwaka uliofuata ule wa Mabel, yaani 1916, mwongozaji wa sinema D. W. Griffith alikuwa anatengeneza filamu yake ya *Intolerance*. Alitaka kope za mwigizaji Seena Owen ziguse mashavu. Mtengeneza mawigi akafuma nywele za binadamu kwenye kitambaa chepesi, akazibandika kwa gundi. Mwigizaji mwenzake Lillian Gish alikuja kuandika kwamba siku moja Seena alifika kazini macho yamevimba, karibu yanafumba. Griffith alikuwa ameshapata picha zake. Filamu ikasifiwa, macho yakaumia ya mwingine.

Hapa ndipo niliponyamaza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1930 iliuzwa Marekani rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure. Ahadi yake ilikuwa kope nyeusi zisizofutika kwa maji. Ndani yake mlikuwa na kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD. Mwaka 1933 mama mmoja wa mji wa Dayton, Ohio, alipakwa rangi hiyo saluni akijiandaa kwa shughuli ya jioni. Macho yakaanza kuwaka, kope za juu na chini zikavimba, vidonda vikaingia hadi kwenye mboni, akapofuka. Wengine wakaumia kama yeye, na mwanamke mmoja akafariki.

Unajua serikali ilifanya nini? Haikufanya kitu, kwa sababu haikuwa na uwezo. Sheria yao ya mwaka 1906 ilihusu chakula na dawa tu. Vipodozi havikuwamo. Ukiuza maziwa mabovu unakamatwa, ukipofusha mtu kwa rangi ya kope hakuna kifungu. Maofisa wa FDA wakakusanya picha za waathirika, ikiwemo ya yule mama kabla na baada, wakazitundika kwenye maonyesho. Waandishi wa habari wakayaita chumba cha vitisho. Vikundi vya wanawake vikapiga kelele miaka na miaka, wafanyabiashara nao wakapinga, mpaka Juni 1938 Rais Franklin Roosevelt akatia saini sheria mpya ya chakula, dawa na vipodozi. Bidhaa ya kwanza kukamatwa chini ya sheria hiyo ilikuwa Lash Lure. Na sheria ilipoziachia rangi za nywele ziuzwe kwa masharti ya kuweka onyo, iliweka wazi kwamba nafuu hiyo haihusu rangi za kope na nyusi.

Wadau, someni tena jina la sheria hiyo: chakula, dawa na vipodozi. Mwaka 2003 Tanzania ilitunga ya kwake yenye maneno hayo hayo matatu, ikazaliwa TFDA. Mwaka 2019 chakula na vipodozi vikahamishiwa TBS, na mamlaka ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Kwa hiyo lile neno "vipodozi" kwenye sheria za namna hii siyo pambo. Kuna watu walilipia kwa macho yao.

Na ile PPD haijafa. Imo kwenye rangi nyingi za nywele nyeusi. Hapa pwani tunaijua kwa jina la piko, ile nyeusi wanayochorea maharusi mikono na miguu ikae haraka kuliko hina ya majani. Nyingi hutengenezwa kwa unga wa rangi ya nywele wenye kemikali hiyo, na wapo waliobabuka ngozi mchoro mzima. Sasa fikirieni mtu anaichukua hiyo hiyo na kukupaka kwenye kope kwa sababu "inakolea".

Baada ya hapo historia inakimbia. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Helena Rubinstein akaleta maskara ya kwenye kichupa chenye kijiti chake cha kupakia ndani. Mwaka 1966 binti wa London aitwaye Twiggy akaibuka na kope za chini zilizochorwa moja moja, dunia ikaiga. Miaka ya 2000 zikaenea kope za kuunganisha, moja juu ya moja, kwa gundi ya jamii ya sayanoakrileti, ambayo ni ndugu wa super glue. Gundi za jamii hiyo ziligunduliwa mwaka 1942 na watu wa Kodak waliokuwa wanatafuta plastiki ya kutengenezea vilenga shabaha vya bunduki. Waliiacha kwa sababu ilinata kila kitu!

Na ile habari ya urembo na dawa kwenye kichupa kimoja? Ilirudi. Wagonjwa wa presha ya macho waliokuwa wanatumia dawa ya bimatoprosti walianza kuota kope ndefu na nyeusi. Desemba 2008 Marekani ikaidhinisha dawa hiyo hiyo kwa kukuza kope, kwa jina la Latisse. Inafanya kazi kweli, lakini ni ya kuandikiwa na daktari: inaweza kuwasha, kutia weusi ngozi ya ukingo wa jicho, hata kubadili rangi ya mboni moja kwa moja. Ukiacha, kope zinarudi zilivyokuwa. Mafuta ya nyonyo yanang'arisha na kufanya kope zionekane nene, ila kwamba yanarefusha haijathibitishwa.

Septemba 2018 Spika wa Bunge letu wa wakati ule, Job Ndugai, alizuia wabunge wenye kope na kucha bandia kuingia bungeni, baada ya Naibu Waziri wa Afya kueleza madhara yake. Nchi nzima ilicheka, wengine wakakasirika. Mimi naliangalia kwa jicho la historia. Mwaka 1938 walikamata chupa. Sisi tulimzuia mlangoni mwenye kope, na gundi ikabaki dukani inauzwa.

Nasema hivi kwa sababu muhula uliopita rafiki yangu wa hosteli alibandikwa kope kwa gundi ya kusukia nywele. Alikaa siku nne jicho limefumba na test ikampita. Tulipomuuliza aliyembandika, alisema "gundi ni gundi". Hapana jamani, gundi siyo gundi.

Simkatazi mtu. Mimi mwenyewe wanja napaka na sitaacha. Ila kabla hujalala kwenye kile kiti, omba uione chupa na usome lebo. Haina lebo, ondoka. Jaribu tone nyuma ya sikio, subiri siku moja. Rangi ya nywele isikaribie jicho. Likiwasha likavimba, toa, nawa kwa maji mengi safi, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje rum-meti akupe dawa ya matone iliyobaki.

Na sisi wa Ualimu tunaokwenda TP, kule kuna mabinti wa kidato cha kwanza watakaotuangalia usoni kabla ya kuangalia ubaoni. Wakituuliza "Madam, hizo kope ni zako?", tuwe na jibu la kuwapa, na historia yake pia.

Ni hayo tu kwa leo. Wenye visa vyenu vya saluni viandikeni hapo chini, nitavisoma vyote nikitoka maktaba. Nawasilisha.