Mwanamke wa Ukurasa wa Mbele



Ukipita kwenye meza ya magazeti, wa kwanza kukutazama ni mwanamke: nguo nusu, kichwa cha habari chekundu. Magazeti ya udaku yalishamiri Bara baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, nasi tumezoea kusema mambo haya ni ya juzi. Si ya juzi.

Novemba 1857 Mwingereza Richard Burton alifika Kazeh, Tabora ya leo, akakirimiwa na mfanyabiashara wa Kiarabu, Snay bin Amir. Mbele kidogo, Yombo, akawakuta wanawake wa Kinyamwezi wamekaa barazani mwao wakivuta viko. Kitabu chake kilipotoka London mwaka 1860, kikao hicho kilitiwa picha. Jina la hata mmoja wao halimo chini yake.

Wanawake wa njia ile walikuwa na mengi ya kuchorwa! Walilima chakula kilicholisha misafara. Wengine walifuatana na waume zao wapagazi hadi pwani, vyungu kichwani, watoto mgongoni. Na mwaka 1893, Isike alipokufa akipigana na Wajerumani, aliyeshika utawala wa Unyanyembe ni mwanamke, Nyaso. Lakini kiko ndicho kilichomvutia msomaji wa London.

Mwenzetu mmoja aliikuta picha yake ya usiku wa hina gazetini, bila jina, imepachikwa kwenye habari ya fumanizi isiyomhusu. Alikuwa na siku tisa za ndoa. Tangu hapo, kwenye shughuli zetu, simu zinabaki kapuni mlangoni.