Habari za Wazee Wasio na Jamaa, Toka Mbweni Hata Horohoro

Katika kitabu cha jubilei ni desturi kuhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na waalimu waliotumwa vijijini. Hesabu hiyo ni ya haki. Lakini iko kazi nyingine isiyo na mnara wala kengele, nayo ni kuwatunza wazee wasio na mtu. Tumeona vema kuandika habari zake, kwa kuwa kazi hiyo haijakwisha, na mlango wake u wazi kwa kila mtaa.

Hapo kale, katika nchi hii ya Wadigo, Wasegeju na Wabondei, haikujengwa nyumba ya wazee, maana kila nyumba ilikuwa yao. Mzee alikula pamoja na wajukuu, akaamua magomvi, akaonyesha mipaka ya mashamba, akampa mtoto mchanga jina la aliyetangulia. Hata alipopungukiwa na nguvu, hakupungukiwa na kazi. Hatusemi ya kuwa wote walitendewa mema. Mwanamke mzee asiye na mtoto aliweza kuonewa, hata kusingiziwa uchawi, na dhambi hiyo haijatutoka. Lakini mwenye jamaa alikuwa na mahali pake. Basi, waliokosa mahali ni akina nani? Ni wale waliokatwa na jamaa zao. Na katika pwani yetu mambo mawili yaliwakata wengi: kwanza utumwa, kisha mkonge.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sayyid Barghash, na misheni ya U.M.C.A. ikawapokea watumwa waliookolewa katika shamba lake la Mbweni. Habari za watoto wao zajulikana sana, maana wengine wakawa waalimu na wengine wakatumwa bara. Lakini wako na watu wazima waliofika nguvu zao zikiwa zimekwisha kutumika kwa wengine. Mwaka 1897 Sultani Hamoud alitoa amri ya kuondoa hali ya utumwa Unguja na Pemba. Uhuru ulikuwa jambo jema kabisa. Ila mtumwa mzee, aliyezoea kula mkononi mwa bwana wake, aliweza kujiona huru asubuhi na mwenye njaa jioni. Kwao alikwisha kupasahau, wala hapakuwa na mtu aliyemngoja huko. Wamisionari Wakatoliki waliwatunza maskini na wakoma huko Walezo, nje ya mji. Na hata leo Serikali ya Zanzibar yawatunza wazee Sebleni na Welezo.

Mbweni yatufundisha jambo moja. Bibi Caroline Thackeray, aliyefika mwaka 1877 kufundisha wasichana, alizeeka papo hapo kati ya wanafunzi wake waliokwisha kuwa mabibi, akafa mwaka 1926. Aliwajua kwa majina tangu utoto wao. Utunzaji wa namna hiyo hauanzi siku mtu aangukapo kitandani. Ulianza zamani, kwa kujuana.

Huku bara utumwa uliondolewa kwa sheria mwaka 1922. Lakini kwa wakati ule ule mkonge ulikuwa ukivuta watu kutoka mbali. Mdachi mmoja, Dr. Hindorf, aliuleta mwaka 1893. Miche 62 tu ndiyo iliyofika hai, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Kutoka miche hiyo mashamba yalienea mkoa mzima wa Tanga, hata Maramba, Mjesani na Mtotohovu, njia ya kwenda Horohoro. Wakata mkonge walitoka kwa Wanyamwezi, kwa Waha, kwa Wabena, kwa Wamakonde, na hata ng'ambo ya mipaka. Kila mmoja alipewa kipande cha kuhesabia siku 30 za kazi. Na watu wakawaita manamba, yaani watu wa namba.

Wengi walikusudia kukaa kwa muda, kisha warudi kwao na nguo na fedha kidogo. Wengine walirudi. Wengine walikawia, wakaona haya kurudi mikono mitupu, na miaka ikapita. Mwaka 1967 mashamba mengi yalitwaliwa na Serikali. Baadaye bei ya mkonge ikashuka kwa sababu ya nyuzi za viwandani, na mashamba mengi yakafungwa. Kazi ikaondoka, na mzee akabaki kambini.

Ndiyo sababu mkoani kwetu yako makazi ya wazee ya Serikali, kama Mwanzange mjini Tanga na Misufini katika wilaya ya Muheza. Ni neema kuwa na pa kulala na pa kula. Lakini nyumba ya wazee po pote duniani ina hatari yake. Mwaka 1962 Mwingereza Peter Townsend alitoa kitabu juu ya nyumba 173 za namna hii alizozizuru katika Uingereza na Wales. Aliona wazee wengi waliolishwa na kuvikwa, lakini wameketi bila kazi, bila faragha, mbali na rafiki na jamaa. Tusidhani basi ya kuwa upungufu huu ni wa nchi maskini tu.

Utunzaji mwema una mambo ya mwili na mambo ya moyo. Ya mwili ni haya. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili, asipate vidonda. Apewe maji bila kungoja aombe, maana mzee hasikii kiu kama kijana. Pawe na taa njiani usiku na kitu cha kushika chooni, maana kuanguka mara moja kwaweza kummaliza. Macho yaangaliwe, mtoto wa jicho huondolewa hospitalini. Na anayepotewa na kumbukumbu asichekwe wala kufungiwa. Huo ni ugonjwa wa ubongo, si laana. Ya moyo ni haya: aogeshwe kwa siri, achague nguo yake, apewe kazi anayoiweza, na abishiwe hodi kama mwenye nyumba.

Zaidi ya yote aitwe kwa jina lake. Aliyeitwa mtumwa, na aliyeitwa namba, wote wawili walinyang'anywa kitu kimoja. Hapa twawasihi waalimu. Andikeni, pamoja na wanafunzi wenu, daftari la wazee wasio na jamaa: jina la mzee, la baba na mama yake, kijiji chake, lugha yake, nani aitwe akiugua, na azikwe wapi kwa desturi gani. Mwislamu aitiwe shehe wake, Mkristo padre wake. Andikeni mapema, kabla kumbukumbu haijafifia.

Nasi wa Horohoro tunayo sababu zaidi. Mapatano ya Waingereza na Wadachi ya mwaka 1886 yalipitisha mpaka kati ya Wadigo kwa Wadigo. Mzee wa upande huu aweza kuwa na mpwa Lunga Lunga au Vanga asiyejua kama mjomba wake yu hai. Jina lililoandikwa vema laweza kuvuka mpaka siku moja na kurudi na mtu.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yasema ya kuwa jamaa ndio msingi wa kuwatunza wazee, na makazi ni kimbilio la mwisho. Zanzibar, tangu mwaka 2016, imewapa penseni wote waliofika miaka 70. Hayo ni ya Serikali, nasi twayashukuru. Lakini Serikali yaweza kutoa fedha, kitanda na dawa. Haiwezi kuwa mpwa wala mjukuu wa mtu. Hiyo ni kazi ya jirani. Kila mtaa na uchukue wazee wawili au watatu, uwazuru kila juma, uketi nao, na siku ya mwisho uwafuate kaburini ukiyajua majina yao.