Swichi ya mtandao

Swichi ya mtandao ni kifaa kinachounganisha kwa nyaya kompyuta, printa na kamera za ofisi. Husoma anwani ya MAC, yaani kitambulisho cha kila kifaa, na kupeleka data kwenye tundu la mlengwa pekee. Kampuni ya Kalpana ya Marekani, mwanzilishi wa swichi za Etheneti, ilinunuliwa na Cisco mwaka 1994.

Swichi isiyosimamiwa huchomekwa tu ikafanya kazi. Duka dogo halihitaji zaidi. Inayosimamiwa hugawa mtandao kwa VLAN, yaani mitandao pepe iliyotengana, hivyo Wi-Fi ya wageni hutengwa na mashine za malipo. Hoteli au kliniki isiikose.

Swichi nyingine hupitisha umeme kwenye waya wa data: kiwango cha 802.3af cha 2003 hutoa hadi wati 15.4 kwa tundu, na 802.3at wati 30. Mnunuzi ajumlishe wati za vifaa vyake vyote, kwani swichi nyingi haziwezi kulisha matundu yote kwa kiwango cha juu kwa pamoja.