Gemu za Kibandani na Mbunifu Asiyeonekana

Historia ya gemu za video katika nchi yetu haikuanzia dukani, ilianzia kibandani. Katikati ya miaka ya 2000, niliporudi Matombo likizoni, niliwakuta vijana wamebanana ndani ya kibanda cha mabati, jenereta likinguruma nje, wakilipia kila mechi ya Winning Eleven. Mashine ilikuwa PlayStation 2 ya mtumba. Diski ilikuwa nakala iliyoandikwa jina kwa kalamu.

Nakala ile isingekubali katika mashine kama ilivyotoka kiwandani. Tangu PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, diski halisi ilibeba alama ambayo vifaa vya kawaida vya kunakili havikuweza kuiiga. Mafundi waligundua kwamba chipu ndogo, ikiunganishwa kwa nyaya chache, ingeihadaa mashine iamini kuwa imeiona alama hiyo. (Baadaye Watanzania tungeliita jambo hilo kuchakachua.) Chipu hiyohiyo iliruhusu diski ya Japani ichezwe katika mashine ya Ulaya, hivyo haikuwa nyenzo ya wizi pekee. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ya Australia iliamua dhidi ya Sony katika kesi yake na Stevens, aliyekuwa akiuza na kufunga chipu hizo.

Nani aliumia? PlayStation 2 ziliuzwa zaidi ya milioni 150 duniani. Siamini kwamba kijana aliyelipia mechi kwa sarafu angenunua diski halisi, ambayo hata Morogoro mjini sikuwahi kuiona ikiuzwa. Hasara niliyoishuhudia ilikuja baadaye, tena ilitua nyumbani.

Mwanafunzi wangu mmoja alibuni gemu ya simu kwa takriban miaka miwili, akaiuza shilingi 2,000. Haikupita wiki ikawa inarushwa bure kutoka simu hadi simu katika bweni lake mwenyewe. Waliomnyima jasho lake walikuwa rafiki zake, na walimsifu kwa dhati. Walikuwa wamelelewa na kibanda: gharama ya gemu ni ya diski na umeme, basi.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inazilinda programu za kompyuta. Stempu za kodi za mwaka 2013 zililenga filamu na muziki. Kijana yule hakwenda kushtaki. Angemshtaki nani, mwenzake wa chumbani?

Sasa anatengeneza mashine za risiti. Nilipomuuliza kuhusu gemu ya pili, alicheka, akaniuliza kama mimi niliinunua ile ya kwanza. Nilitumiwa.